Maji ya Suuza Yana Kazi ya Pili

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Nyumbani kwenu, maji yakishatumika mara moja huenda wapi?" Jibu la mtu wa Dodoma lazima liwe refu kidogo. Huku mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikifika mwishoni mwa Aprili imeshaaga, na kwa wastani wa mwaka mzima haifiki milimita 600. Miezi iliyobaki, kila ndoo ni ya kubebwa, ya kununuliwa au ya kusubiri zamu ya mgawo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 hapa mjini. Ile ya 2022 ilikuta tumepita 760,000, na visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora ndivyo tunavyovitegemea zaidi. Beseni la maji ya suuza linalomwagwa uani likanyonywa na vumbi jekundu ni hasara, na linaniuma kila ninapoliona.

Jibu langu: yaende kwenye mboga, ila yachambuliwe kwanza. Wengi wanaojaribu na kukata tamaa hukwama hapo. Humwaga maji yoyote popote, mchicha ukiungua ncha wanasema sabuni imeua bustani.

Maji bora kabisa ya jikoni ni yale ya kuoshea mchele, mboga na matunda, na yale yaliyolowekewa maharage au kunde. Hayo yaende kwenye mimea siku hiyohiyo, yakilala yanachacha na kunuka. Maji ya kuchemshia viazi nayo yanafaa yakishapoa, mradi hayakutiwa chumvi. Baada ya hayo ndiyo maji ya suuza ya pili na ya tatu ya nguo. Maji ya kwanza ya kufulia, yale yenye povu zito, hayaendi bustanini: yapeleke kudekia sakafu, kisha kumwagia choo. Na yapo yasiyofaa kwa mboga hata kidogo: maji ya nepi, ya nguo za mgonjwa anayeharisha, ya kuoshea nyama na samaki, na yoyote yaliyotiwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, kwa sababu dawa ile huua hata wadudu wadogo wanaoozesha mbolea.

Kinachodhuru zaidi kwenye sabuni ni sodiamu. Sabuni ya mche hutengenezwa kwa mafuta na kostiki soda, na sabuni ya unga huongezewa chumvi nyingine za sodiamu juu yake. Sodiamu ikizidi, chembe za mfinyanzi huachana na kuziba vijinjia vya hewa na maji. Dalili utaziona kwa macho: ukimwagilia, maji yanasimama juu badala ya kuzama, udongo ukikauka unaweka gamba gumu, pengine lenye unga mweupe, na majani yanakauka kuanzia pembeni. Udongo mweusi wa mbugani huharibika upesi kuliko ule mwekundu wenye mchanga. Na kwa kuwa maji ya visima vingi vya huku yana chumvi tangu yanapovutwa, anayetumia kisima cha namna hiyo apunguze maji ya sabuni hadi nusu, nusu nyingine iwe maji ya mchele na mboga.

Hapa niseme neno kuhusu majivu. Watu wanayapenda, na shambani kwenye udongo mchachu yanasaidia kweli. Lakini maji ya sabuni hugeuza udongo kuwa wa magadi, na majivu hufanya hivyohivyo. Ukiviweka pamoja mboga zinakuwa za njano ilhali mbolea ipo. Chagua kimoja.

Siku ya kufua, panga mabeseni matatu ya lita 20. La kwanza la sabuni, la pili na la tatu la suuza. Anza na nguo nyeupe, zifuate za rangi, mwisho matambara. Mzigo wa pili ukianza, maji ya beseni la pili yanakuwa ya kuloweka, la tatu linashuka kuwa la pili, na maji mapya yanaingia kwenye la tatu peke yake. Kwa mpango huo mizigo miwili inakula lita 80 badala ya 120, na mwisho unabaki na lita 40 za suuza za kupeleka kwenye gunia la udongo lililopandwa mboga.

Nasema gunia kwa sababu bustani ya chini ardhini, kwa jua la Septemba na upepo wetu huu, inakunywa maji mengi kuliko nyumba inayoweza kuyatoa. Kiroba cha mahindi cha kilo 100 hukaa kwenye eneo la sinia kubwa na kinabeba miche zaidi ya 30. Kiweke upande wa mashariki wa nyumba, kipate jua la asubuhi na kivuli cha ukuta mchana. Upepo ukiwa mkali, simika fito mbili na tandiko kuukuu la kuukinga.

Udongo wa kiroba kimoja ni ndoo tatu za udongo wa juu, ndoo mbili za samadi iliyooza na ndoo moja ya mchanga wa korongoni, ndoo za lita 20. Samadi lazima iwe imeoza: ukiishika isiwe na joto, isinuke, isionyeshe vipande vya majani. Samadi mbichi inachemka ndani ya kiroba na kuunguza mizizi, na miche inalala ndani ya wiki moja.

Kunja mdomo wa kiroba hadi chini, mimina udongo wa kina cha sentimita 15. Katikati simamisha kopo la rangi la lita 4 lililokatwa kitako, ulijaze kokoto. Zungushia udongo nje ya kopo, ukandamize kwa viganja tu, kisha vuta kopo juu taratibu: kokoto zinabaki zimesimama kama nguzo. Rudia, ukikunjua kiroba kadiri kinavyojaa, hadi zibaki sentimita 10 juu. Nguzo hiyo ndiyo njia ya maji. Ikikatika katikati, udongo wa chini haupati kitu, na utaona mboga za juu zimenawiri huku za chini zimesinyaa. Kwa hiyo kila ukivuta kopo, chungulia kwanza uone kama kokoto za chini bado zinaonekana, ndipo uongeze nyingine. Zungushia fito tatu au nne nje na uzifunge kwa kamba, maana kiroba kikilowa kinakuwa kizito na huegemea upande mmoja hadi kikaanguka.

Kimwagilie maji safi siku tatu, udongo utulie. Kisha kata matundu ubavuni ya sentimita 3 hadi 4, yapishane kwa sentimita 20, la chini kabisa lianze sentimita 25 kutoka ardhini. Ukikata matundu makubwa udongo utamwagika kila ukimwagilia. Ubavuni panda sukuma wiki, figiri au matembele. Juu mwaga mbegu za mchicha, ambao unaanza kuchumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Panda jioni, ukibonyeza udongo kwenye shingo ya mche ili mzizi usiachwe hewani.

Maji yamwagwe kwenye kokoto polepole, yasiguse majani. Miche ikiwa midogo lita 5 asubuhi na nyingine 5 jioni zinatosha. Ikikomaa wakati wa joto, ongeza. Zamisha kidole kupitia tundu la chini: kikitoka na udongo uliogandamana, acha leo. Mara moja kwa wiki mimina ndoo nzima ya maji safi hadi yachuruzike chini, yaoshe chumvi. Hatua hii ndiyo wengi huikwepa kwa kuonea maji huruma, na ndiyo inayofanya kiroba kidumu msimu mzima. Gamba jeupe likishatokea, kwangua sentimita 5 za juu, weka samadi iliyooza na upumzishe maji ya sabuni wiki mbili. Mboga ya maji haya ioshwe na kupikwa. Kachumbari iachwe kwa mboga za maji safi.

Maji ya vyombo ni kesi nyingine, kwa sababu ya mafuta. Mafuta hufunika kokoto na kuzivundisha, na nzi wanajaa. Kabla ya kuosha, futa sufuria kwa magunzi makavu au gazeti. Maji yenyewe yapitishe kwenye ndoo kuukuu iliyotobolewa kitako: chini kokoto, juu yake mchanga wa chenga, juu kabisa nyasi kavu shibiri moja. Nyasi ndizo zinazonasa mafuta, kwa hiyo zibadilishwe kila wiki, za zamani ziende shimo la mboji. Yakitoka hapo yapeleke kwenye mpapai au mgomba badala ya mboga. Chimba shimo la kina cha sentimita 60 na upana wa mita moja, lijaze nyasi na mabua, panda ukingoni. Liwe mita 2 au zaidi kutoka kwenye msingi wa nyumba, na mbali na kisima. Nyasi zikinywea jaza tena, shimo lisije likawa dimbwi la mbu.

Kwa mchaichai na nyanya, ninachokipenda ni mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uliofukiwa hadi shingoni na kufunikwa. Udongo wa nje ukikauka maji yanapenya ukuta wa mtungi, ukilowa yanasimama. Mtungi wa lita 5 unajazwa kila baada ya siku chache, na magugu hayaoti kwa kuwa juu pamebaki pakavu. Ila huo ni wa maji safi tu. Sabuni na mafuta huziba vitundu, na kuvizibua ni kazi ngumu.

Mzabibu wa kivulini, ule unaotambaa kwenye kichanja barazani kama nyumba nyingi za huku zinavyopenda, unywe maji ya mchele na ya mboga tu, yamwagwe hatua moja kutoka kwenye shina. Chumvi inauchosha pole pole, majani yanaungua pembeni kabla zabibu hazijaiva. Ukitunzwa, saa kumi jioni baraza lina ubaridi wake, mchaichai uko hatua mbili kutoka kwenye birika, na mboga ya usiku imechumwa bila kwenda Majengo sokoni. Raha hiyo haihitaji fedha nyingi, na nawatamania majirani wote waipate.

Mvua zikianza, acha maji ya suuza kabisa na uiache mvua ioshe udongo. Weka mapipa chini ya paa: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 6 kwa 8 likinyeshewa milimita 20 linaleta lita 960, na hata ukipoteza moja ya tano zinabaki zaidi ya 750. Maji ya dakika za mwanzo yaache yapite na vumbi lake. Huo ndio wakati wa kukagua viroba pia. Jua hulegeza nyuzi za plastiki, na kiroba kikianza kutoa unyoya ukikikwaruza, hamishia udongo kwenye kingine mara moja, kabla hakijasambaratika vipande na kubaki uani miaka.