Neno halijafika mpaka likurudie

Wadogo zangu mnaoanza kazi wodini mwezi huu, karibuni sana. Wiki ya kwanza mtaelekezwa mengi: wapi pa kusaini, nani anashika funguo za kabati la dawa, nani wa kupigiwa simu usiku. Na kila semina mtaambiwa mtumie lugha nzuri kwa wagonjwa. Ni kweli, na mimi nitaanza na hilo, ila sitaishia hapo. Nimefanya uuguzi miaka 19, mingi nikiwa wodi ya wazazi kwenye hospitali za wilaya, na mara nyingi niliyemwona akiumia hakuumizwa na matusi. Aliumizwa na maneno ya adabu kabisa ambayo hayakufika yalikotumwa.

Salamu kwanza. Bibi wa miaka 70 aliyelala kitanda namba saba haitwi "namba saba". Mwamkie. Shikamoo yako haichukui hata sekunde mbili, na marahaba yake ni kipimo: utasikia kama sauti ina nguvu au imekauka, kama anakutazama au macho yanaelea, kama anajua kumekucha au amechanganyikiwa. Halafu jitaje jina na kazi yako, maana kwa mgonjwa kila aliyevaa nyeupe ni daktari, na atakuuliza wewe mwanafunzi swali ambalo jibu lake anatakiwa kulitoa mwingine. Mpe pole. Ni neno dogo, na wapo waliokaa wodini siku tatu bila kulisikia.

Sasa nije kwenye dawa, ambako Kiswahili chetu chenyewe kina mtego. Dawa mseto ya malaria ina dozi sita kwa siku tatu, na ya pili hutakiwa imezwe baada ya saa nane tangu ile ya kwanza. Mama mmoja nilimpa mwanawe dozi ya kwanza mbele yangu, saa nne asubuhi. Nikamwambia kwa upole, "Hii nyingine mpe baada ya saa nane." Akaitikia, akaondoka. Kesho yake alirudi kwa jambo jingine, nikamuuliza. Alimpa saa nane mchana, mara tu walipomaliza kula. Saa nne tu zilikuwa zimepita. Hakukosea kitu. Kwake saa nane ni saa nane, jua likiwa limeanza kuinama. Aliyekosea ni mimi niliyehesabu muda kichwani mwangu, yeye nikamwachia abahatishe.

Ndiyo maana siku hizi hesabu naifanya mimi, mzazi nampa saa ya ukutani: "Leo saa kumi na mbili jioni, kabla ya magharibi. Kesho saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kesho kutwa vilevile." Walimu wa Kiswahili hawapendi neno "masaa", lakini wagonjwa wengi husema "masaa manane" wakitaka muda na "saa nane" wakitaka wakati. Ukimsikia mgonjwa akisema hivyo usimsahihishe. Anatofautisha vizuri kuliko wewe. Na baina yetu wenyewe kuweni macho: faili limeandikwa 20:00, mdomoni tunasema saa mbili usiku, na mtu aliyechoka akikutana na 2:00 iliyoandikwa haraka haraka anaweza kuisoma anavyotaka.

Halafu kuna lile swali letu, "Umeelewa?" Liacheni. Jibu lake ni "ndiyo" siku zote. Nani atamwambia nesi mwenye foleni ya watu arobaini kwamba hajaelewa? Mimi huuliza hivi: "Mama, ukifika nyumbani baba watoto akikuuliza dawa hizi zinatumikaje, utamwambiaje?" Hapo ndipo utasikia ulichokisema kilivyofika. Utasikia 1x3 uliyoandika kwenye bahasha, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, imegeuka vidonge vitatu kwa mpigo. Utasikia paketi ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini kwa anayeharisha, inakorogwa kwenye kikombe kimoja badala ya lita nzima, na hapo utachukua chupa mbili za maji za nusu lita umwonyeshe kwa macho. Huo mzunguko, neno likutoke, limfikie, likurudie, mimi ndio naouita mawasiliano. Likishindwa kurudi, hesabu kwamba hujasema.

Dawa za sehemu za siri nazo zina shida yake. Dirishani kuna watu, mtoa dawa anaona haya, anamalizia kwa kunong'ona, "Hii ni ya kuweka." Kuweka wapi? Nimewaona kina mama wawili, kwa nyakati tofauti, waliomeza vidonge vilivyotakiwa kuwekwa ukeni. Wote walikuwa wamesoma. Mvute pembeni, taja kiungo kwa jina lake bila kucheka, mwambie alale vipi na aweke saa ngapi. Haya yako isije ikawa ugonjwa wake.

La makabidhiano nitalieleza kirefu, kwa sababu ni langu na bado linanichoma.

Nilikuwa na miaka mitatu kazini. Zamu ya jioni, tunakabidhiana saa mbili usiku. Kitanda cha nne alikuwapo mama aliyejifungua saa kumi na mbili. Nilikuwa nimembadilisha khanga mara mbili, na zote mbili zililowa kuliko nilivyozoea. Nilimkanda tumbo, mfuko wa uzazi ukakaza, halafu baada ya muda nikauhisi umelegea tena. Nikasema moyoni nitamtaja. Mwenzangu akaingia, nikaanza kusoma orodha huku naangalia saa, maana daladala za kwetu huisha mapema. Nilipofika kitanda cha nne nikasema, "Kajifungua salama, mtoto wa kike, yuko vizuri." Nikaendelea na cha tano.

Mwenzangu alikuwa na kina mama 22 peke yake. Kwa taarifa niliyompa alifanya sawasawa: alianza upande wa pili, kwa wenye uchungu. Alipofika kitanda cha nne ilikuwa saa tatu na nusu. Godoro limelowa, midomo ya yule mama imepauka, mapigo ya moyo 130. Alichomwa oksitosini ya kukaza mfuko wa uzazi, akawekewa dripu, akakandwa tumbo, akaongezewa chupa mbili za damu. Alipona, na asubuhi nilimkuta ananyonyesha. Lakini yote yaliyotakiwa kumlinda nilikuwa nayajua. Yalikuwa kichwani mwangu, nikapanda nayo daladala.

Tangu siku hiyo "yuko vizuri" nimeifuta kinywani. Ningetakiwa kusema: "Kitanda cha nne, amejifungua saa kumi na mbili, khanga mbili zimelowa, mfuko wa uzazi unakaza na kulegea, mapigo haya, presha hii. Anza naye." Maneno hayo hayafiki nusu dakika. Na yasemwe kitandani, khanga ikifunuliwa mkaona wote wawili. Kisha mwenzako akurudishie: "Sawa, naanza na kitanda cha nne." Akirudisha kitu kingine, hamjakabidhiana bado, hata kama kitabu kimesainiwa.

Kuongea na daktari ni mtihani wa aina yake kwa anayeanza, hasa usiku. Wengi huanza hivi: "Samahani daktari kwa usumbufu, kuna mgonjwa hapa, sijui kama..." Aliyekatizwa usingizi ataisikia hiyo "sijui" na kujibu, "Endeleeni kumwangalia." Pangeni maneno kabla ya kupiga: mimi ni nani na niko wodi gani, mgonjwa ni nani na alilazwa kwa nini, sasa hivi ninaona nini kwa namba, na ninataka nini. "Daktari, naomba uje umwone sasa." Hiyo ya mwisho ndiyo huachwa, tukidhani ni utovu wa adabu. Sivyo. Heshima imo kwenye sauti, na ombi linaweza kuwa wazi kabisa ndani ya heshima hiyo.

Kama mnadhani haya ni ya wauguzi tu, angalieni chumba cha upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa orodha yake ya usalama wa upasuaji, iliyotoka mwaka 2008, waliijaribu kwenye hospitali nane za miji minane duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, hapahapa Morogoro. Matokeo yakachapishwa mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina mengi, dawa za kuzuia maambukizi na kuhesabu pamba na vifaa vikiwemo. Lakini kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani hutakiwa awe amejitambulisha kwa jina na kazi yake. Wengine huona ni kupoteza muda. Mimi nimesimama humo, na najua aliyekwisha kusikika mara moja mbele ya bingwa haoni tabu kusema mara ya pili, "Pamba moja haijaonekana."

Nimalizie na lugha. Nilihamishiwa Kanda ya Ziwa nikiwa najiona najua kazi, nikakuta wazee ambao Kiswahili chao ni cha kuombea maji tu. Jifunzeni salamu za mahali mlipopangiwa. "Mwangaluka" yangu ya asubuhi, salamu ya Kisukuma, hata kwa lafudhi ya pwani, ilifungua midomo ambayo vipimo havikuifungua. Lakini salamu si mazungumzo, na hapo ndipo tunapowatumia watoto kutafsiri.

Bibi mmoja aliletwa na mjukuu wa darasa la sita. Siku tatu nzima mtoto alitutafsiria: "Anasema tumbo linauma." Bibi anaongea dakika mbili, mtoto anatoa maneno matatu. Siku ya nne nikamtuma mtoto maandazi, nikamwomba mhudumu wetu wa wodi, mama wa Kisukuma wa rika la makamo, akae kitandani na kunieleza kila neno bila kufupisha, na kwamba yatakayosemwa hayatoki pale. Bibi akatazama mlango kwanza. Kisha akasema alikuwa akiona damu tangu msimu wa kupanda, ilhali siku zake zilikoma miaka mingi nyuma. Angemwambiaje mjukuu wa kiume?

Daktari alimpima siku hiyohiyo na kumwandikia rufaa ya Bugando, hospitali kubwa ya kanda iliyoko Mwanza. Nikamwomba mhudumu amuulize bibi atawaambia nini watu wa nyumbani. Akajibu polepole, akihesabu kwa vidole: Bugando, Jumatatu, karatasi hii isilowe, na ataenda na binti yake, huyu mtoto abaki shule.