Likizo sikwenda, bosi anasema nisubiri msimu

SWALI

Shikamoo bibi. Mimi ni karani wa mizani, nilikuwa kwenye ghala la mtu binafsi hapa Masasi. Nilianza tarehe 1 Februari 2023, mshahara 260,000 kwa mwezi, kazini siku sita kwa wiki. Mkataba wa maandishi sikupewa. Likizo sikwenda hata siku moja. Nikiomba wakati wa korosho naambiwa minada imepamba moto. Korosho zikiisha, subiri ufuta. Ufuta ukiisha, mbaazi hizo zinaingia. Nikatoa notisi, siku yangu ya mwisho ikawa 30 Juni 2025. Mshahara wa Juni nililipwa. Nilipouliza hela ya likizo, bosi akasema aliyeacha mwenyewe hana chake, na kwamba mchele na mafuta aliyokuwa akitupa kila Idi ndiyo ilikuwa likizo yangu. Baadaye akalainika: "Njoo Oktoba msimu ukifunguliwa, tutaangalia." Nisubiri? Na hasa ni shilingi ngapi ninazodai?

Karani wa Mizani, Masasi

JIBU

Marahaba mwanangu. Ujumbe wako uliingia tarehe 11 Agosti na nilikupigia jioni ileile, maana kama ungengoja toleo hili ungekuwa umeshachelewa. Ninayoandika hapa ni yale tuliyoongea, pamoja na machache ambayo vocha yangu haikuyafikia.

Oktoba usiingoje. Madai ya malipo ya likizo yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Hesabu kuanzia 30 Juni: siku ya 60 ni 29 Agosti. Siku ile uliyoniandikia zilikuwa zimebaki 18. "Tutaangalia" ya bosi haisimamishi hesabu hiyo hata kwa saa moja. Na anayepinga kuachishwa kazi isivyo halali hali yake ni mbaya zaidi, yeye ana siku 30 tu.

Hili nalisema kwa uchungu wa kwangu. Mwaka 2011 niliacha kazi ya ukarani kwa mfanyabiashara mmoja hapa Mtwara mjini, nikiwa namdai likizo. Kila nikienda naambiwa meli ikishusha mzigo nitalipwa. Meli ilikuja, mzigo ukashushwa, nikaambiwa ya pili. Nilipofika Tume ilikuwa siku ya 71. Nikajaza Fomu Na. 2, ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, na kwenye sababu nikaandika kwamba tajiri aliniahidi. Ombi likakataliwa. Ile kopi ya fomu ninayo mpaka leo kwenye sanduku la kanga.

Sasa hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo kwa kila miezi 12, sikukuu zikiangukia humo nazo zimo. Zile ambazo hazijatimiza mwaka, unahesabiwa siku moja ya mshahara kwa kila siku 13 za kazi. Ya kwako iko hivi. Kupata mshahara wa siku, sheria inagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 upate wa wiki, kisha kwa siku unazofanya kazi katika wiki. 260,000 inakupa kama 60,000 kwa wiki. Gawa kwa sita, ni 10,000 kwa siku. Siku 28 mfululizo ni wiki nne, yaani siku 24 za kazi, kwa hiyo mwaka mmoja mzima ni 240,000. Ukijaribu kwa njia ya 13 unapata kilekile: siku 26 kwa mwezi mara 12 ni 312, gawa kwa 13, ni 24.

Mwaka wako wa pili, Februari 2024 hadi Januari 2025: 240,000. Miezi mitano ya mwisho, siku kama 130 za kazi: siku 10, yaani 100,000. Hizo 340,000 zidai kwa kifua mbele.

Mwaka wa kwanza ndipo penye mwiba. Likizo inatakiwa itolewe ndani ya miezi sita baada ya mwaka wake kuisha, na isipochukuliwa katika muda huo mwajiri ana pa kushikilia kwamba malipo yake yamepotea. Wewe miezi hiyo ilipita Julai 2024. Idai hata hivyo, ila usiende mikono mitupu. Uliniambia una meseji aliyokujibu "likizo hapana, mnada wiki ijayo". Hiyo ni dhahabu. Usiifute, na usiitegemee simu peke yake. Piga picha ya kioo, ichapishwe, tarehe na namba vionekane. Jumla utakayoandika ni 580,000, lakini akilini ujue 340,000 ndiyo yenye miguu imara.

Kuhusu "aliyeacha mwenyewe hana chake": amechanganya mambo. Kiinua mgongo, ile mishahara ya siku saba kwa kila mwaka, ndicho usichokipata kwa kuacha mwenyewe. Likizo uliyokwisha kuifanyia kazi inalipwa ajira inapokoma, hata kama umeacha mwenyewe. Na mchele wa Idi ni mchele wa Idi, Mungu amjalie.

Kukosa mkataba wa maandishi kusikutie hofu. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na akishindwa kuyaleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Wewe beba meseji za mshahara kuingia kwenye simu, na zile picha za daftari la mahudhurio.

Andika barua ya madai, nakala mbili, upeleke mwenyewe. Moja waichukue, nyingine wakugongee muhuri au wasaini kwamba wamepokea, na tarehe. Wape siku tano, zisizidi. Wakikaa kimya, jaza Fomu Na. 1 ya Tume. Haina ada na wakili si lazima. Sehemu B ya fomu hiyo ni ya walioachishwa kazi tu. Wewe iache wazi. Nimeona watu wakijaza kila kisanduku kana kwamba ni fomu ya mkopo, mwishowe dai la likizo linageuka dai la kufukuzwa, na siku 30 zake zimeshapita. Nakala ya fomu mpelekee bosi kwanza, upate ushahidi wa kupokelewa, ndipo Tume waisajili.

Usuluhishi una siku 30. Hapo ndipo wengi humalizana. Akiomba kulipa kidogo kidogo, kubali ukitaka, lakini tarehe na kiasi cha kila awamu viandikwe kwenye hati ya makubaliano kabla hujasaini, kwa sababu ukishasaini inakufunga na wewe pia. Neno "msimu ukifunguliwa" lisionekane humo. Na dai cheti chako cha utumishi, ni haki yako.

Karani wetu alinipigia Ijumaa. Muhuri wamemnyima, meneja akajifungia ofisini. Mlinzi wa getini ndiye aliyepokea barua, akaandika jina lake, saa 4:20 asubuhi, na kusaini. Inatosha, mwanangu. Jumatatu panda basi.