Muulize Shangazi: Mzee hataki niwe mtoza ushuru

SWALI: Shangazi shikamoo. Nina miaka 27, nimesoma uhasibu, sa hivi niko kampuni moja ya mikopo hapa Dar, mshahara unachelewa mpaka unasahau kama ulifanya kazi. Nafasi za TRA, mamlaka ya mapato, zikitoka nataka niombe. Shida ni mzee, ana duka la vipuri Kariakoo, ule mgomo wa Mei 2023 alifunga na wenzake, anasema hakunisomesha nije niwe mtoza ushuru. Na mke wangu ana kiduka cha vipodozi. Niende au nitulie? *Msomaji, Tabata*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza unagombana na mzee kwa kazi ambayo hata hujaipata, haya mambo gani sasa? Mwaka 2025 walitangaza nafasi 1,596, waombaji wakapita 135,000, yani kila kiti kimoja watu kama 85 wanakigombea, we mhasibu hizo hesabu unaziweza. Omba kwanza.

Mazuri yapo, sikufichi. Mshahara unaingia kwa wakati, benki wanakukopesha wakicheka, bima ya afya unayo, halafu kazi yenyewe ni shule maana ukikaa miaka kadhaa unakagua vitabu vya wafanyabiashara hata ukitoka huko nje ushauri wa kodi unalipa vizuri tu.

Ila sasa. Mdogo wangu yuko forodha, mpaka mmoja siutaji, namjua alivyokuwa kabla na alivyo leo. Alipopanga nyumba kule mtaa ulimpenda wiki moja tu, mpaka walipojua anafanya kazi wapi. Mama wa duka la jirani alikuwa hata risiti haandiki, siku hizi akimwona anakuja kununua chumvi ya mia tano anaivuta mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, krrr, anamkabidhi karatasi kwa mikono miwili kama anapeleka maombi kanisani, na stori zote dukani zinakatika mpaka atoke. Yeye anasema hiyo inamuuma kuliko hata usiku anaokaa na malori.

Na sio kuumwa moyo tu. Desemba 2024 pale Tegeta watumishi wa TRA walikuwa wanafuatilia gari linalodaiwa kukwepa kodi, watu wakadhani ni watekaji, wakawavamia, dereva wao akafariki. Nakwambia sio nikutishe, ila ujue hiyo kazi saa nyingine inafanyikia barabarani, sio kwenye kiyoyozi.

Uhamisho nao, leo Tabata kesho barua inakwambia mpakani, Tunduma au Mutukula, na mwezi wa sita ndo usiseme, mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, kila bosi anaulizia makusanyo, Jumamosi mko ofisini.

Kinachonitisha zaidi kwako wala sio mitaa, ni ndugu. Simu ya kwanza haitatoka kwa tapeli mwanangu, itatoka kwa baba mdogo, "kuna kamzigo kangu kamekwama, ongea nao basi." Ukimsaidia siku hiyo, siku ya pili hutakuwa na mdomo wa kukataa, na ukikataa utaitwa mwenye roho mbaya msiba mzima. Mdogo wangu alikataa, mwaka na nusu shangazi yetu hakumwitikia salamu. Kama hiyo huiwezi baki kwenye mikopo yako, sitakulaumu.

Mzee mwache aongee. Kwenye ule mgomo wenzake walilalamikia kamatakamata ya TRA na walikuwa na hoja, Waziri Mkuu mwenyewe alikwenda kuwasikiliza Mnazi Mmoja. Ila siku moja akiwa ametulia muulize kwa adabu, mteja akifika Kariakoo kwa nini anaulizwa "unataka bei ya risiti au isiyo na risiti?" Hapo najua atacheka, atabadilisha mada.

Kuhusu mke, asifunge duka jamani! Awe na TIN yake, namba ya mlipakodi, risiti atoe, na we ukiajiriwa utamke mapema kazini kwamba mwenzio anafanya biashara, faili lake likitua mezani kwako lirudishe kwa bosi siku hiyo hiyo, usilifungue hata kwa kuchungulia. Na yeye mwambie asije akawatambia wateja kwamba mume wake yuko TRA, hilo nalo linaponza.