Kamba ya Mteja wa Kahama

Mwaka juzi mteja kutoka Kahama alinikuta Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, akataka magunia matatu ya dagaa. Tukapatana bei. Nikamwambia, "Kaka, nisubiri kidogo, nafuata kamba ya kufungia magunia." Njiani nikakutana na mama mmoja tunayecheza naye upatu, akaniuliza zamu ya mwezi huu ni ya nani. Tukasimama kuhesabu majina. Baada ya hapo nikanunua mihogo ya kuchemsha, nikapanda daladala, nikaenda zangu nyumbani. Saa tatu usiku nasonga ugali, ndipo yule kaka akanijia kichwani pamoja na kamba yake.

Mume wangu aliuliza swali moja tu: "Mtu mwenye hela mkononi anasahaulikaje?"

Sikuwa na jibu. Tangu shule ya msingi naitwa kichwa panzi, na nilishazoea. Nilikuwa na miaka 36 daktari wa afya ya akili aliponiambia nina upungufu wa umakini, ule wanaoufupisha ADHD. Hakunipima damu wala kunipiga picha ya kichwa. Aliuliza maswali, mengi ya utotoni, maana dalili lazima ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane zaidi ya sehemu moja, si kazini tu. Akaomba kuongea na mama yangu. Mama akacheka kwenye simu: madaftari, sweta, kandambili za mguu mmoja, vyote nilivipoteza. Sikuwa mtoto wa kurukaruka. Nilikaa kimya nikitazama dirishani, na binti wa namna hiyo ni nadra mwalimu kumshtukia.

Miaka yote nilidhani nasahau. Kumbe mambo mengi huwa hata sikuyashika. Ubongo una mahali pa kushikilia yale unayoyafanyia kazi sasa hivi, na hata kwa mtu asiye na tatizo lolote panabeba mambo kama manne tu kwa mpigo. Chota dagaa kwa viganja viwili. Mtu akikuongezea konzi juu, wa kwanza wanamwagika. Viganja vyangu mimi vidole vimeachana. Kamba ilikuwa mkononi, swali la upatu likatua, kamba ikamwagika. Haikuwahi kufika ghalani, kule kumbukumbu za kudumu zinakowekwa. Ndiyo maana "jitahidi kukumbuka" haijawahi kunisaidia hata siku moja, ilhali bei za dagaa za miaka mitano nyuma nakutajia bila daftari.

Watu hunibishia: mbona ukipenda jambo unatulia? Ni kweli. Tatizo hili hurithiwa sana kwenye koo, na nikimfikiria marehemu baba, aliyekuwa mvuvi, nina mashaka naye. Usiku wa giza, taa zimewaka, dagaa wanakusanyika chini ya mwanga, baba hakupepesa macho hadi alfajiri. Asubuhi yake anatumwa chumvi anarudi na sabuni. Umakini wetu upo, ila hauendi unakotumwa. Unafuata kinachosisimua, na madaktari huhusisha hilo na jinsi dopamini, kemikali ya ubongo inayotupa hamasa, inavyofanya kazi.

Basi mimi nimeacha kukumbuka. Nina daftari dogo lenye kalamu, nimelifunga shingoni kwa uzi, wachuuzi wenzangu wameshalicheka mpaka wakachoka. Jambo linaandikwa kabla sijanyanyua mguu, maana "nitaandika nikifika" ni uongo ninaojidanganya mwenyewe. Mtu akinisimamisha njiani namwambia, "Shoga, nitumie meseji," na natembea. Mwanzoni niliona ni utovu wa adabu, kwetu huku salamu haikatwi. Nimejifunza kusalimia huku nimeinua daftari juu, wanaelewa. Kitu cha kesho nakiweka juu ya viatu. Kwenye daladala namwomba konda anishtue Buzuruga, kwa sababu nimepitilizwa hadi Igoma mara zisizohesabika. Sufuria likiwa jikoni, simu inalia kila dakika kumi. Kelele zake mume wangu anazichukia, maharage yaliyoungua aliyachukia zaidi.

Dawa zipo na wengine zinawasaidia sana. Zile za kuchangamsha ubongo zinadhibitiwa kisheria, usizitafute vichochoroni. Wala usijipachike jina hili kwa sababu umesoma haya ukajiona. Kukosa usingizi, sonona, upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo vyote huvuruga kumbukumbu, na kama usahaulifu wako umeanza juzi tu ukubwani, huenda ni kitu kingine kabisa. Nenda ukapimwe.

Kamba siku hizi inaning'inia kwenye mzani wenyewe. Yule kaka wa Kahama ningempigia nimwombe radhi, lakini namba yake niliiandika kwenye kipande cha karatasi.