Usinunue lenzi, nunua siku

Ujumbe uliingia saa nne usiku, siku tatu baada ya kuweka mtandaoni picha yangu ya kivuli cha Oldoinyo Lengai, ule mlima wa volkeno wa kaskazini mwa Tanzania. Kijana wa Singida, sijawahi kumwona, lakini kaandika kwa adabu: "Shikamoo dada. Nimedunduliza miezi 14, nina milioni mbili na laki tatu. Niambie ninunue lenzi gani nipate picha kama ile."

Niliusoma mara nyingi kabla sijalala. Mwaka 2018 na mimi nilikuwa na swali hilohilo. Nilimuuliza mtu aliyenitangulia katika kazi hii, akanitajia jina la lenzi, nikamwamini, na jibu lile likanigharimu mpaka leo. Kwa hiyo kijana wangu sitakujibu kwa mstari mmoja, na nakujibu mbele za watu, kwa sababu najua hauko peke yako. Mko wengi mnaolala mkiota kilele cha mlima, mwanga wa alfajiri na jina lenu chini ya picha.

Picha ile niliipiga kwa Canon 700D ya mtumba na lenzi ya milimita 18-55 iliyokuja pamoja nayo. Kamera na lenzi yake nilivinunua kwa laki nane. Kilichonigharimu zaidi ni siku nane nilizokaa Engaresero, kijiji kilicho karibu na mlima ule.

Ngoja nianze na 2018.

Nilikuwa na kamera hiyohiyo, na nikaiona haifai. Nikakodi lenzi tatu Arusha, moja ndefu ya kuvuta vya mbali, moja pana ya kuchukua eneo kubwa, na nyingine ambayo mpaka leo siwezi kusema niliihitaji kwa kazi gani. Kodi ilihesabiwa kwa siku. Pesa nilikopa kwenye kikoba cha mama, kwa jina lake. Nilipopiga hesabu ya kodi, gari, mageti ya ushuru ya njiani na malipo ya kiongozi wa mlima, nikabaki na uwezo wa kulala usiku mmoja tu huko Ziwa Natron, karibu na mlima. Sikuliona hilo wakati ule. Nilijiona nimejipanga vizuri, kumbe lenzi zilikuwa zimekwishanila siku zangu kabla sijaondoka Arusha.

Habari za barabarani naziruka. Kutoka Mto wa Mbu kupita Engaruka ni vumbi na mawe, anayeijua njia ile anaijua.

Tulianza kupanda saa sita usiku. Mlima ule una mita 2,962 na hupandwa usiku kwa sababu mchana hakuna kivuli hata cha kichaka, na joto la bonde lile halina huruma. Mwanzoni unatembea, katikati unainama, juu unapanda kwa mikono na miguu juu ya majivu yaliyogandamana kama saruji mbovu. Mgongoni nilikuwa na kilo kama tisa za vioo vya watu. Kila nilipoteleza nilifikiria vioo kwanza, goti langu baadaye. Kiongozi wangu, kijana wa Kimaasai mwenye shuka na fimbo moja tu, alinibebea mkoba sehemu ya mwisho bila kuombwa.

Tulifika ukingoni kabla hakujapambazuka. Baridi ilikuwa inauma vidole. Jua likatokeza upande wa mashariki, milima ya Gelai na Kitumbeine ikiwa imekaa myeusi mbele yake, na mimi nikafanya kila mtu anachofanya pale: nikalielekea jua. Nikapiga, nikaona lenzi ni ndefu mno. Nikafungua kamera nibadilishe, na upepo wa ukingoni ukaingia nao. Majivu ya Lengai ni laini kama unga wa muhogo. Nikafunga, nikapiga, nikafungua tena.

Kiongozi akanigusa bega. "Dada, geuka."

Nikamwambia subiri.

Akaniambia mara ya pili. Mara ya tatu akanyamaza, akakaa chini akitazama magharibi. Nilipomaliza na jua langu nikageuka, nikakuta ukuta wa Bonde la Ufa umeangaziwa wote, na mwisho wa kitu chenye umbo la pembetatu ukijikunja kurudi mguuni mwa mlima. Kilikuwa kivuli cha Lengai. Mlima ule umesimama chini tu ya ukuta wa bonde, kwa hiyo jua linapochomoza nyuma yako kivuli chake kinaulalia ukuta na nyanda za juu yake, ncha imechongoka utadhani imekatwa kwa kisu. Lakini kivuli cha asubuhi hakingoji mtu. Jua likipanda kidogo, chenyewe kinashuka.

Nilirudi na picha 412. Karibu zote zina madoa, kwa sababu majivu yalikuwa yamekaa kwenye sensa, kile kibao cha ndani ya kamera kinachonasa mwanga, tangu nilipobadilisha lenzi mara ya kwanza. Jua nililipata, jua ambalo hata mwenye simu pale juu alilipata. Lenzi moja ilirudi na mkwaruzo, nikalipishwa. Rejesho la kikoba la mwezi ule mama alilipa kwa pesa ya mahindi aliyokuwa ameyahifadhi. Hakunisema hata neno. Angenisema ningekuwa nimeshasahau.

Kwa hiyo mtu akinitajia lenzi, namsikiliza, lakini kwanza namuuliza unakaa siku ngapi.

Mwaka 2021 nilirudi na kamera yangu, lenzi yake na stendi ya miguu mitatu. Siku nne, na mlima sikuupanda. Nilitaka kulijua ziwa. Watu wanafika Natron saa saba mchana, wanateremka garini, wanapiga maji yanayometa na heroe (flamingo) walio mbali kama vumbi la waridi, wanaondoka wakisema pale hapana kitu. Mchana ule ni kweli hapana kitu, joto linatikisa hewa mpaka upeo unacheza. Ziwa lile halina kina, hata mita tatu hazifiki, na magadi yake yana ukali wa kutosha kukuchoma kidonda. Ukingo wake unaonekana mkavu, ukikanyaga unazama mpaka kwenye muundi. Siku ya kwanza nilizama. Siku ya pili nilijifunza kutazama rangi ya tope. Siku ya tatu nilijua kwamba upepo huamka jua likishapanda, na kabla ya hapo maji ya pembeni hutulia kabisa mpaka mlima unalala ndani yake kichwa chini. Siku ya nne ndipo nilipopiga.

Na heroe usiwafuate. Natron ndiko heroe wadogo wa Afrika Mashariki wanakotagia na kulea makinda, na ndege anayekimbizwa kwa ajili ya picha ni ndege aliyeibiwa chakula na mapumziko. Kaa chini, ukae sana. Wakiona hausogei, watasogea wenyewe.

Siku hizo nne zilinipa pia jambo ambalo siku moja isingenipa. Kulikuwa na bibi mmoja karibu na kambi, anauza shanga. Siku ya kwanza nilimwinulia kamera kutoka mbali, akageuza uso na kujifunika shuka. Niliona aibu. Nilikwenda nikamwamkia, nikamwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, kama nilivyosikia wengine wanavyomwita, nikaomba radhi kupitia mjukuu wake. Siku mbili nilipita pale bila kamera. Siku ya nne aliniita mwenyewe, akanipa chai ya maziwa, akakaa sawa, akamwambia mjukuu aniambie sasa nipige. Niliisafisha picha ile Arusha na kumpelekea safari iliyofuata. Ombeni ruhusa jamani. Ile si mandhari, ni nyumbani kwa watu.

Sasa hili linalofuata bado linaniuma, mtanisamehe.

Ile picha ya mlima ndani ya maji niliiweka mtandaoni. Desemba ya mwaka huohuo niliingia mapokezi ya hoteli moja, nikaikuta ukutani kwenye kalenda ya kampuni ya utalii. Imekatwa pembeni, jina langu halipo. Nilipiga simu. Nilijibiwa kwamba nishukuru, wamenitangaza. Nimetangazwaje wakati jina langu wamelikata? Nilipoendelea kudai, mwanaume yule akauliza kama kweli mimi mwanamke ndiye niliyeingia kwenye tope lile peke yangu. Sikulipwa hata shilingi. Nilikuwa na faili ghafi, yaani picha yenyewe kama ilivyotoka kamerani, lakini sikuwa na maandishi yoyote wala moyo wa kwenda mbele zaidi.

Nyinyi msiwe kama mimi. Picha ni mali. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na inazilinda picha, na ofisi ya COSOTA ipo kwa kazi hiyo. Tunzeni faili ghafi, msimpe mtu yeyote. Wekeni mtandaoni nakala ndogo. Mteja akija, andikianeni, hata akiwa shemeji yako. Anayekwambia "tutakutangaza" mwambie akutangaze pamoja na malipo. Tumezoea kuona haya kudai, na watu wanakula kwa haya zetu.

Basi, safari hii ya tatu.

Nilidunduliza, lakini kwa ajili ya siku. Kila nilipotamani kifaa nilijiuliza kina thamani ya siku ngapi za Engaresero. Nilikaa nane. Usiku wa tatu nikapanda na kiongozi yuleyule, ambaye sasa ana watoto wawili. Juu tulikuta ukungu. Hakuna jua, hakuna kivuli. Ulipofunuka kidogo niliona ndani ya shimo mkondo mpya wa lava, mweusi tii. Lava ya Lengai haina mfano kwa volkeno nyingine hai duniani: imejaa magadi, inatiririka kama mafuta, na joto lake ni kama nusu ya lava za kawaida. Nilipiga fremu chache, tukashuka.

Mwaka 2018 hapo ndipo safari ingekuwa imekwisha. Ningerudi Arusha na ukungu wangu, na deni la mama.

Nilipumzika, miguu ikapona. Usiku wa sita tukapanda tena. Mkondo niliouacha mweusi nikaukuta umepauka, kijivu kinachoelekea weupe, kwa sababu lava ile ikikutana na unyevu hubadilika rangi. Nina picha mbili za mahali pamoja, usiku tatu kati yake, na mtu asiyejua anadhani ni milima miwili. Hakuna lenzi inayoweza kukupa hiyo.

Kisha nikalipa jua mgongo. Nilikuwa nimeshasimamisha stendi kuelekea magharibi tangu gizani, betri ya akiba kifuani ndani ya sweta kwa sababu baridi huzimaliza, lenzi moja, na sikuifungua kamera hata mara moja. Apacha, yaani tundu la lenzi, f/8; ISO, yaani wepesi wa kupokea mwanga, 200; shata 1/125 ya sekunde. Kivuli kikaja. Kilianza hewani, kwenye vumbi la bonde, kabla hakijagusa ardhi, halafu kikaukalia ukuta wote. Nilipiga fremu 19. Kiongozi alikuwa amekaa palepale alipokaa 2018. Akasema, "Leo umegeuka." Nililia, na sioni haya kulisema.

Imeuzwa wiki iliyopita, nakala kubwa ya ukutani, kwa maandishi na kwa jina langu. Mama nimempa yote.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Singida: kamera ya mtumba na lenzi yake, stendi nzito kidogo isiyotikiswa na upepo, betri mbili za ziada, kadi mbili. Pampu ndogo ya kupuliza vumbi, maana majivu na magadi ukiyafuta makavu kwa kitambaa yanakwaruza kioo. Puliza kwanza, ndipo ufute. Droni sahau kwa sasa, inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwenye hifadhi ni habari nyingine kabisa. Vyote hivyo havifiki hata milioni moja na nusu ukitafuta kwa subira. Zinazobaki ni siku zako. Usimpe mtu wa duka.

Na usianze na Lengai. Singida una ziwa Singidani hapo mjini, maji ya chumvi na yale majabali makubwa yaliyopangana ukingoni kana kwamba kuna aliyeyabeba. Hilo nilikuwa nimeshamwandikia kijana huyo pembeni: aende asubuhi sita mfululizo, jabali moja, asibadilishe mahali.

Alinijibu, "Sawa dada, lakini pale nimeshapiga." Nikamwambia umepiga mara ngapi? Akanyamaza siku mbili.

Leo asubuhi ametuma ya kwanza, kaipiga kwa simu. Upeo umeinama, anga imepauka, jabali halionekani vizuri. Ila kwenye kona ya chini kulia kuna ukanda wa mwanga juu ya maji ambao nadhani mwenyewe hakuuona. Nimemwandikia arudi palepale kesho, saa kumi na moja na nusu awe ameshakaa.