Jibu: Kasi ya megabaiti 11 kati ya seva mbili za nyumbani

Ndugu, umeeleza kwamba kunakili mafaili kati ya seva zako mbili hapo Nyegezi hakuvuki megabaiti 11 kwa sekunde, ingawa swichi (kifaa kinachoziunganisha kwa waya) ni ya gigabiti 1 kwa sekunde, yaani megabiti 1000. Namba hiyo yenyewe inasema mengi: megabiti 100, kasi ya ngazi ya chini ya gigabiti, ukizigawa kwa 8 (baiti moja ni biti 8) unapata megabaiti 12.5, na usafirishaji wenyewe ukishakula sehemu yake hubaki 11 na ushee, ilhali gigabiti 1 ingekupa takribani 110. Kabla ya kuzilaumu diski, basi, kagua waya. Gigabiti hutumia nyaya ndogo zote 8 zilizomo ndani, lakini megabiti 100 hutosheka na 4, hivyo mmoja ukikatika vifaa vinaweza kushuka kasi kimyakimya. Kwangu Kirumba, hapa Mwanza, karibu kabisa na ziwa, nilikuta pini za kichwa kimoja cha waya zimeota kutu ya kijani; nilikikata, nikabana kipya, na taa ya swichi ikabadilika rangi papo hapo. Ukishabadilisha, pima kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao kati ya kompyuta mbili, ambayo haigusi diski: ikikuonyesha megabiti 900 na zaidi huku kunakili kukiendelea kusuasua, hapo ndipo uzichunguze diski, au wingi wa mafaili madogomadogo.