Bomba la soksi ni la maongezi, kisigino ni cha peke yako

Julai ya Njombe haina utani. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka nje alfajiri pumzi yako inafuka kama bomba la pikipiki mbovu. Wageni kutoka Dar hudhani tunatia chumvi, mpaka walale usiku mmoja. Asubuhi wanaulizia mablanketi yanauzwa wapi. Mimi nimezaliwa huku na bado kila mwaka miguu hunishinda. Kiwiliwili utakivika sweta, koti na kitenge juu yake, lakini miguu ikishapoa, imepoa.

Ndiyo sababu nilianza kufuma soksi. Kinachonifanya niendelee ni kingine: sijapata kazi nyingine ya mikono inayoniruhusu kukaa na marafiki siku nzima bila kuchokana, na bila kujiona nimeipoteza siku. Tulianza Saba Saba ya 2023, ilipoangukia Ijumaa tukapata siku tatu mfululizo. Tulikuwa wanne: mimi, rafiki yangu mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani jirani yangu hapa Mji Mwema, na shoga yetu tunayemwita Mama Makambako kwa sababu ndiko anakokaa, kilomita kama 60 kutoka hapa. Haya ninayoyaandika nimeyaokota kwenye wikiendi za namna hiyo, mengi kwa kuharibu kwanza.

Nianze na nililoliharibu vibaya kuliko yote. Jumamosi ile mchana mwalimu alikuwa anasimulia kikao cha harusi ya mdogo wake, pale mweka hazina alipoulizwa hela za ukumbi ziko wapi, akaomba ruhusa aende chooni, na hakurudi mpaka leo. Hadithi kama hiyo huisikilizi kwa sikio moja. Na mimi muda huo nilikuwa nageuza kisigino. Nikacheka, nikafuma, nikacheka tena. Jioni nilipoivaa soksi, kisigino kilikuwa kimekaa upande wa nje wa mguu, juu ya kifundo, kama kiraka. Fundi aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Dada, huu mguu uliwahi kuvunjika?"

Tangu siku ile wikiendi zangu zote nazipanga kwa kufuata soksi yenyewe. Kuna sehemu ya soksi inayopenda watu na kuna sehemu isiyopenda watu.

Bomba, ile sehemu ya kati ya shingo ya soksi na kisigino, linapenda watu. Ukishamaliza shingo, ile ya juu inayobana mguu, ambayo unaifuma mbili mbele mbili nyuma, kinachobaki ni kuzunguka tu. Mshono wa mbele peke yake, mzunguko juu ya mzunguko, hakuna cha kuhesabu. Mikono inajua njia. Unaweza kubishana kuhusu Simba na Yanga, unaweza kunyanyua macho ukamtazama mwenzio anayefuta machozi, na soksi inaendelea kurefuka. Unasimama mara moja moja kupima. Mimi bomba la sentimita 15 linanitosha. Soksi za kuvalia gambuti shambani nazifikisha 25.

Kisigino hakitaki watu. Mimi nafuma kwa vitanzi 48, kwa hiyo nagawa nusu kwa nusu: 24 vya juu ya mguu vinapumzika kwenye sindano zao, 24 vya nyuma navifuma kwenda na kurudi mpaka nipate kipande cha mistari 24. Kila nikianza mstari, kitanzi cha kwanza nakihamisha bila kukifuma, ndipo ukingo unakaa kama mnyororo wa vitanzi 12 kila upande, ambavyo vitaokotwa baadaye. Halafu ndiyo kugeuza kwenyewe. Unafuma 14, unaunganisha viwili kuwa kimoja, unafuma kimoja, unageuza kazi hata kama mstari haujaisha. Unarudi: unahamisha kimoja, unafuma vitano, unaunganisha viwili, unafuma kimoja, unageuza. Kila safari katikati panaongezeka kitanzi kimoja, na pale penye pengo uliloliacha safari iliyopita ndipo unapounganisha. Vikibaki 14 umemaliza. Ukiinua kazi unakuta kikombe kidogo kimejikunja chenyewe kiganjani. Nimegeuza visigino vingi na bado hapo huwa nasimama kidogo kutazama.

Shughuli nzima ya kisigino hunichukua saa moja na nusu hivi, na huifanya Jumamosi usiku wenzangu wakishalala, au Jumapili alfajiri kabla hawajaamka, chai ikiwa pembeni na redio imezimwa. Baada ya hapo unaokota vile 12 vya kila upande, unajikuta na vitanzi 62, unapunguza viwili kila mzunguko wa pili mpaka virudi 48, yaani mara saba. Ukifika hapo maongezi yanaruhusiwa tena, na bahati nzuri ndiyo saa ambayo watu wanarudi kutoka kanisani.

Kwa hiyo Ijumaa jioni ni ya kuanzisha vitanzi na kumaliza shingo, Jumamosi mchana kutwa ni bomba, Jumapili ni wayo. Ukikigeuza kisigino kabla watu hawajafika, umejikosesha usiku wako mzuri wa peke yako. Ukikiahirisha mpaka watu wamejaa sebuleni, utavaa kiraka kama mimi.

Namba 48 usiibebe kama ilivyo. Ni ya mguu wangu na uzi wangu. Mguu wangu ukiupima mzunguko ni sentimita 24. Soksi lazima iwe ndogo kidogo ndipo ishike, kwa hiyo naihesabia 21 na nusu. Kwenye kipande cha majaribio, kile kidogo unachokifuma kwanza ili upime, nilipata vitanzi 22 kwa sentimita 10. Ukizidisha unafika 47 na kidogo, unasogea hadi namba inayogawanyika kwa nne. Hicho kipande cha majaribio watu hukiruka kwa sababu kinaonekana kama kupoteza uzi. Mama Makambako alikiruka. Soksi yake ya kwanza siku hizi inafunika birika la chai lisipoe, na kwa kweli inafanya kazi hiyo vizuri.

Sindano zinatakiwa tano fupi, zenye ncha pande zote mbili: nne zinabeba vitanzi, ya tano inafanya kazi. Madukani utapata zaidi zile ndefu mbili za sweta, za soksi uzibahatishe. Mimi natumia za mianzi. Mwanzi ule ule wa ulanzi, pombe yetu ya huku, tunao kila bonde; fundi aliupasua ukiwa mkavu, akachonga vijiti vya sentimita 20, akavisugua kwa msasa mpaka ukivipitisha kwenye khanga havikwaruzi, kisha nikavipaka mafuta ya kupikia na kuviacha vilale usiku kucha. Spoku za baiskeli nazo zinawezekana ukizinoa ncha, ila ni nyembamba, milimita 2 tu, zinafaa uzi mwembamba sana, na asubuhi ya Julai chuma kinauma vidole.

Kwenye uzi nina donda. Duka moja, sitalitaja, liliniuzia mabonge manne yaliyoandikwa sufu tupu. Nikafuma pea nzima, nikaivaa siku ya manyunyu, miguu ikalowa jasho na kuganda. Ndipo nikachukua kipande cha uzi nikakiwasha kiberiti. Sufu ya kweli inanuka nywele zilizoungua, inazimika yenyewe ukiitoa motoni, na majivu yake yanasagika vidoleni. Ule wangu uliyeyuka ukaacha kidonge kigumu cheusi. Plastiki. Sisemi uzi wa plastiki haufai. Haurudi ukiufua kwa maji ya moto kama sufu inavyorudi, na kwa soksi za watoto zinazofuliwa kila siku nautumia. Lakini sufu inaweza kunyonya unyevu wa karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi imelowa, na huku kwetu hiyo ndiyo tofauti ya mguu wenye joto na mguu wenye baridi. Pamba iache kabisa kwa msimu huu.

Siku hizi uzi wangu mwingi natoa kwenye mtumba. Sweta la sufu la mtumba, kubwa, lenye kutoboka kiwiko ambalo hakuna anayelitaka, linatoa soksi pea tatu hata nne. Kabla hujalipa ligeuze ndani utazame mishono ya ubavuni. Kama kingo zimeshonwa kwa ule mshono wa overoki uliokata kitambaa, liache hapo hapo, maana ukilifumua utapata vipande vya uzi vya urefu wa mkono. Unayotaka ni yale yenye kingo safi zilizounganishwa kwa mnyororo; ukipata mwanzo wa mnyororo ukauvuta, ubavu wote unafunguka kama zipu. Uzi unaotoka umejikunja kama tambi. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne usivurugike, uloweke maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha uanike ukiwa umening'iniza chini yake kitu kizito kidogo. Mimi natundika kopo la maji. Kufumua nako ni kazi ya watu wawili, mmoja anavuta na mmoja anakunja bonge, na nimegundua watu wakivutana uzi hivyo huambiana mambo ambayo mezani wasingeambiana.

Chakula tusiongee sana. Sufuria moja kubwa ya kande Jumamosi, viazi vya kuchemsha na parachichi Jumapili, chai ya maziwa yenye tangawizi muda wote. Mwenyeji akishinda jikoni, hiyo si mapumziko tena. Kitu kimoja tu: kitu chenye mafuta mkononi hakikaribii uzi. Maandazi yanaliwa wakati wa kupumzisha vidole.

Ila jiko la mkaa nalisema kwa ukali, hata nikigombana na mgeni. Baridi ikizidi kila mtu anataka liingizwe ndani na madirisha yafungwe. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi; kichwa kinaanza kuuma, usingizi mzito unakuja, na watu wamekufa hivyo. Jiko langu linakaa nje mpaka mkaa wote uwe mwekundu, likiingia dirisha linabaki wazi, na kabla ya mtu wa kwanza kusinzia limeshatoka. Kuwaka mwekundu hakuiondoi sumu, kwa hiyo dirisha halina mjadala. Anayesikia baridi aongeze blanketi.

Jambo jingine tuliloafikiana, baada ya kuharibikiwa mara moja, ni kwamba kikoba hakiingii. Sisi wanne tuko kikoba kimoja, na ilitosha mtu mmoja kuuliza marejesho ya nani yamechelewa, wikiendi ikageuka kikao, tena chenye ajenda. Michango ya harusi vile vile. Umbea unaruhusiwa, hatujafikia utakatifu huo. Simu hatukukataza, lakini mtu mwenye sindano tano mikononi hana kidole cha kushikia simu, kwa hiyo suala hilo limejimaliza.

Halafu kuna ugonjwa wa soksi ya pili. Ukifunga ncha ya ile ya kwanza unajisikia umemaliza, unaivaa, unatembea nayo sebuleni, unasifiwa, na mwenzake hafumwi mpaka mwakani. Nina soksi mbili za kushoto zilizofiwa na ndugu zao hivyo, ingawa soksi ya kufuma haina kushoto wala kulia. Dawa niliyoipata ni kutomruhusu mtu kunyanyuka Jumapili kabla hajaanzisha vitanzi vya soksi ya pili na kufuma shingo walau vidole viwili. Kitu kilichoanzishwa kinakusumbua. Mabonge hayasumbui mtu.

Mama Makambako mara ya mwisho alilitii hilo kupita kiasi. Alikuwa anamalizia bomba la soksi ya pili stendi, tukimsubirishia basi, na konda akamuuliza kama hiyo aliyoshika ni mishikaki. Akapanda, akakaa dirishani, tukampungia. Karibu saa moja baadaye simu ikalia.

"Kamwene. Bomba limefika sentimita 15, nimeanza kugeuza kisigino. Basi linatikisika kweli kweli."

"Kamwene, shoga. Kitoe mkononi, weka mkobani. Ongea na jirani yako."

"Jirani amelala tangu tunatoka stendi," akasema. "Na nimeshahesabu mpaka kumi na mbili."

Nikamsikia ananyamaza, kisha, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe: "Kumi na tatu. Kumi na nne. Haya, sasa naunganisha viwili, au nimeshaunganisha?"